Chukudu ya Ndungo

Darasa la sita, saa nne, niliandika ubaoni
swali ambalo watu wa kale waliliuliza juu ya merikebu:
mbao zake zikibadilishwa mojamoja hadi ya mwisho,
je, chombo ni kile kile?

Nsimire akainua mkono.
“Mwalimu, merikebu sijaiona maishani.
Uliza juu ya chukudu.”

Darasa likacheka. Nikaifuta merikebu kwa kiganja,
maana kifutio kiliibwa mwezi jana.

Jioni nikapitia Ndosho, kwa Ndungo.
Alikuwa amepiga magoti juu ya mawe meusi
akichonga gurudumu, vumbi la mkaratusi limemtua nyusini.
Hii ni chukudu ya nani?
“Ya baba.”
Usukani?
“Nimebadilisha mara mbili. Wa kwanza ulivunjika
mteremko wa Kibati, na magunia manne ya viazi juu.”
Magurudumu?
“Hayo hayahesabiki. Hayo ni viatu.”
Ubao wa kuegemezea goti?
“Ulioza.”
Na misumari?
Akanitazama kama mteja anayeshikashika na hanunui.
“Misumari ni mipya. Lakini baba hakuwa misumari.”

Mimi nilisoma miaka mitano
kwa karo ya ng’ombe wawili wa mjomba.
Nilijifunza kuwa kuna umbo na kuna maada,
kuna kitu na kuna jina la kitu,
kisha wakaja wa kisasa wakasema mtu ni uzi wa kumbukumbu,
ukikatika, naye amekatika.
Nilipata sabini na mbili kwa mia.
Hakuna aliyenifundisha namna ya kumjibu mama
anapouliza, hadi leo, akipepeta mchele,
“Nyumba yetu iko mita ngapi huko chini?”
Anasema *iko*.
Kana kwamba tangu siku ile mlima uliposhuka mjini
sahani bado zimepangwa gizani,
kalenda bado inaning’inia, haijafunuliwa Februari.

Tulijenga juu yake.
Mawe yale yale yaliyoimeza
tuliyapasua kwa nyundo, tukayafanya msingi.
Mbao, mabati; baadaye mabati mengine.
Mama hupaita nyumbani.
Mimi, mwenye sabini na mbili zangu, sijawahi kumsahihisha.

Wazazi huniuliza falsafa italeta unga gani.
Sina la kuwaambia, mshahara wenyewe una miezi mitatu njiani.
Ila juzi, pale Birere, nilisimama mbele ya muuza sambaza.
Kopo lake lilikuwa limegongwa kitako, kimeingia ndani
kama tumbo la mtu aliyelala njaa.
Nikamwuliza: mama, hili ndilo kopo la wiki jana?
“Ndilo.”
Mbona samaki wamepungua?
“Jina ni lile lile, bei ni ile ile.
Unataka nini tena, mwalimu?”
Nikalipa. Nilikuwa nimekuta mtu
aliyekwisha kuusoma mtihani wangu wote.

Usiku sikulala vizuri.
Maana wa baadaye waliliongezea lile swali mwiba:
kama kuna aliyeziokota zile mbao kuukuu,
akaziunda upya moja kwa moja,
ipi sasa ndiyo yenyewe?

Alfajiri, kabla ya kengele, nikarudi Ndosho.
Ndungo alikuwa anafunga mzigo wa makala,
kipande cha ndala amekipigilia nyuma kiwe breki.
Ndungo, nikasema, zile mbao za kwanza,
za mkono wa baba mwenyewe,
uliziweka wapi?

Hakuinua uso. Alivuta kamba, akaifunga fundo.
“Mwaka ule wa njaa tulizipikia maharagwe.
Tulikula sote saba, hata mdogo wangu aliyekuwa anaumwa.”
Akaweka goti juu ya ubao mpya,
akaisukuma mara moja, mara mbili,
na chukudu ya baba yake
ikashuka barabarani ikipiga kelele.